Marehemu Atoa Toleo Jipya

Dilmaya Tamang alifia kwenye benchi la mapokezi, tarehe kumi na mbili ya Phalgun, mwezi wa kumi na moja wa kalenda yetu, simu ikiwa bado mkononi. Ujumbe uliokuwa kwenye simu ulimwambia kwamba zamu yake ya kusafishwa damu ilikuwa siku hiyo. Daftari la kituo cha figo lilisema zamu yake ilikuwa jana. Alikuwa mgeni pale, ndiyo kwanza amehamishiwa kutoka Nuwakot, na mashine zote zilikuwa na watu. Wauguzi walipomaliza kulitafuta jina lake kwenye orodha ya siku, moyo wake ulikuwa umeshasimama.

Wagonjwa wengine thelathini na wanane walitumiwa tarehe zisizo sahihi mwezi ule. Wao walikuwa wenyeji. Walijua zamu zao ni Jumatatu na Alhamisi, wakaupuuza ujumbe na kuja siku zao.

Jalada lilimfikia Inspekta Nirmaya Gauchan wa kitengo cha makosa ya mtandao wiki tano baadaye, ishirini na moja Chaitra, mwezi wa mwisho wa mwaka, siku ya upepo na vumbi. Asubuhi hiyo hiyo alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja la Jawalakhel, juu ya duka la vioo, mahali ilipotengenezwa programu ya zamu iliyoitwa Palo.

Mkuu wa kampuni, Abhyudaya Rajbhandari, alikuwa amejiandaa. Alikuwa mtu wa makamo, mwingi wa maneno ya upole. Alimketisha Inspekta mbele ya kompyuta ya mhandisi wake kijana, Pratikshya Rai, akamwamuru Pratikshya aandike zamu ya kesho kwa mgonjwa wa majaribio. Tarehe ikatokea sawasawa. Wakaandika ya keshokutwa. Sawasawa. Rajbhandari alisema wameshajaribu mara kumi na moja tangu polisi walipopiga simu, na hawajaona hitilafu yoyote. Huenda kosa lilikuwa la kampuni ya simu.

"Rudi nyuma," Nirmaya akamwambia Pratikshya. "Mwandikie zamu ya siku ileile aliyotakiwa Dilmaya."

Pratikshya akaandika. Ilipaswa kutokea Phalgun kumi na moja. Kioo kikaonyesha Phalgun kumi na mbili.

Nirmaya alimtaka aendelee, siku moja baada ya nyingine, naye akawa anaandika kwenye daftari lake safu mbili, ya kweli na ya kioo. Mwezi wote wa Phalgun ulikuwa umesogea siku moja. Ilipofika Chaitra mosi, safu mbili zikawa sawa tena. Kosa lilikuwa limeingia siku ya mwisho ya Magh, mwezi uliotangulia, likakaa mwezi mzima, likamwua mtu, kisha likatoka lenyewe bila kuguswa na yeyote.

Nirmaya aliuliza Palo ilijengwa vipi. Alitaka aambiwe kama anavyoambiwa jirani, si kama polisi. Pratikshya akamweleza kwamba programu ya namna ile haiandikwi na mkono mmoja. Wao waliandika mafaili yasiyozidi sitini. Vingine vyote ni vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, duniani kote, wakaviweka kwenye ghala la wazi kwenye mtandao ili kila mtu achukue. Kifurushi kimoja huhitaji kingine, na hicho huhitaji kingine tena. Unapoanza mradi unaandika orodha ya unavyovitaka, kompyuta inakwenda ghalani na kuvileta vyote pamoja na vitegemezi vyake.

"Vingapi?"

"Elfu moja mia moja na arobaini na sita, afande."

"Na walioviandika mnawajua?"

Pratikshya akatikisa kichwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ndiyo maana kuna faili la kufuli. Orodha husema tu "nataka toleo hili au jipya kuliko hili," lakini faili la kufuli huandika ni toleo gani hasa lililoletwa siku ile, ili kila atakayejenga baadaye apate lile lile na si jingine.

Tarehe ishirini na tano ya Poush, miezi miwili kabla ya Phalgun, walihamia kwenye seva mpya. Pratikshya alitakiwa kuuanza mradi upya huko. Faili la kufuli la zamani likawa linagoma. Akalifuta, akaacha kompyuta ilete vyote upya na kuandika kufuli jipya.

Rajbhandari alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Alisema kulifuta faili hilo ni kosa ambalo hata mwanafunzi halifanyi, na kwamba kwa masikitiko makubwa ameshaandika barua ya kumsimamisha kazi Pratikshya; angeweza kumpa Inspekta nakala. Msichana aliyatazama magoti yake. Nirmaya alimwuliza nani alimwambia alifute. Akajibu kwamba hakuambiwa na mtu. Bosi alimwambia tu kazi iishe kabla ya jioni.

"Kufuli la zamani bado lipo?"

Lilikuwepo, kwenye diski ya akiba. Wakayaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu. Vifurushi thelathini na vinane vilikuwa vimebadilika toleo. Ikawa kazi ya saa nne. Walikunywa chai ya maziwa, wakala wali mkavu wa kupondwa kwa viazi vya pilipili, wakavipitia kimoja kimoja. Hiki ni cha rangi za vitufe. Hiki ni cha kubana picha. Hiki cha kukagua anwani za barua. Nirmaya aliweka mstari juu ya kila kilichokuwa hakina uhusiano na tarehe, mpaka kikabaki kimoja, kidogo kuliko vyote, kiitwacho Patromala. Kazi yake ilikuwa kugeuza tarehe za kizungu kuwa za patro, kalenda yetu ya jadi. Ndani yake mlikuwa na jedwali la miezi, kila mwaka mstari wake, kwa sababu urefu wa miezi yetu haukaririki. Lazima mtu apige hesabu ya jua, mwaka hata mwaka.

Kwenye kufuli la zamani kilikuwa toleo 2.4.0. Kwenye jipya, 2.4.1. Pratikshya akayafungua yote mawili. Mbali na mstari mpya wa mwakani, tofauti ilikuwa kwenye mstari mmoja, wa mwaka huu. Magh ilikuwa na siku thelathini na Phalgun ishirini na tisa. Sasa Magh ilikuwa na ishirini na tisa na Phalgun thelathini. Jumla ya mwaka haikubadilika, kwa hiyo hakuna kipimo kilichopiga kelele.

"Nani mwandishi?"

Pratikshya alikuwa ameshalisoma jina. Aliutoa mkono wake kwenye kipanya, akauweka mapajani.

"Kaka Suyog," akasema. "Suyog Joshi. Alikuwa anakaa meza ile pale. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi."

"Toleo lilitoka lini?"

"Poush ishirini na nne." Akamgeukia Inspekta. "Afande, kaka Suyog alikufa mwezi wa Shrawan. Maporomoko yalisukuma basi lao mtoni. Mwili ulipatikana siku ya nne."

Upepo ulikuwa unagonga dirisha. Nirmaya alihesabu kwenye vidole miezi kutoka kifo hadi toleo. Mitano.

Rajbhandari alisimama, akaufunga mlango ambao tayari ulikuwa umefungwa. Alisema basi jambo limekuwa wazi. Kuna mhalifu ameiba jina la marehemu, na kampuni yake ni mwathirika kama mwingine yeyote. "Mimi mwenyewe nilishika mwanzi wa jeneza lake hadi ukingoni mwa mto," akasema. "Nimeona moto ukiwashwa. Marehemu hatumi barua, Inspekta."

Nirmaya akaiandika sentensi hiyo ya mwisho neno kwa neno, akapigia mstari neno "barua", kisha akafunga daftari na kuaga. Kuanzia asubuhi walikuwa wamezungumzia matoleo na vifurushi. Barua hakuna aliyeitaja.

Siku mbili zilikwisha kwa kufuata nyayo. Wenye ghala la vifurushi walijibu kwamba toleo lile liliwekwa kwa nenosiri sahihi, mara ya kwanza tu kujaribu. Hakuna dalili ya mtu kubahatisha. Walitoa na namba ya mtandao lilikotokea. Nirmaya alitarajia kuambiwa ni nchi ya mbali. Kampuni ya mtandao ikamjibu kwamba ni nyumba moja Kirtipur, laini iliyosajiliwa kwa jina la Suyog Joshi, ambayo haijakatwa tangu Shrawan. Na jina la marehemu lilikuwa limeonekana mara mbili: kulikuwa na toleo 2.4.2, lililotolewa tarehe ishirini na saba, siku tatu baada ya lile baya. Ndani yake mwezi wa Phalgun ulikuwa umerudishwa mahali pake, lakini kufuli la Palo lilikuwa limeshaishikilia 2.4.1.

Muuaji hasahihishi, Nirmaya akajiambia kwenye gari. Au husahihisha akishajua hakuna atakayetazama.

Nyumba ilikuwa ya matofali, ya zamani, ngazi zake nyembamba na zenye giza hata mchana. Mzee aliyefungua alikuwa mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alijitambulisha kuwa Asta Man Joshi, mpiga hesabu wa patro kama baba yake na babu yake. Alipokiona kitambulisho cha polisi hakushtuka. Alisema alikuwa anasubiri mtu aje, ila alidhani atakuja mtu wa umeme.

Alimpeleka juu, wakimpita mkewe aliyekuwa jikoni, hadi chumba cha mwanawe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Picha ya Suyog ilivishwa maua ya njano mabichi, ya asubuhi ile. Kompyuta ilikuwa inawaka.

"Baba, nani anatumia kompyuta hii?"

"Mimi."

"Nenosiri ulilipata wapi?"

Mzee akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la shule. Lilikuwa la mwandiko wa Suyog. Ukurasa mzima ulikuwa wa hatua, moja hadi kumi na mbili, kama mtu anayemfundisha mtoto kupika: washa hapa, andika hivi, bonyeza, subiri mpaka maneno yaishe. Mzee alieleza bila kuulizwa. Kila mwaka yeye alikuwa akipiga hesabu ya miezi ya mwaka unaokuja, na Suyog akiiingiza kwenye kile kitu chake. Suyog hakutaka kubahatisha miaka ya mbele. Aliweka mwaka mmoja mmoja, akishaupata mkononi mwa baba yake. Aliwahi kumwambia kwamba kuna programu zaidi ya mia tatu zinazokitegemea: za vyama vya ushirika, za shule, za hospitali. Akamwandikia hatua zile ili mzee ajue, kwa mzaha tu, maana mzee alikuwa anamwuliza kila siku kazi yake ni ipi.

Poush ilipofika, mzee akawa amemaliza hesabu za mwakani, na hakuna wa kuziingiza. Akaona akiacha, mwaka mpya utawakuta watu wa mwanawe hawana kalenda. Akakaa kwenye kiti kile. Akaunakili mstari wa mwaka huu ili aubadilishe uwe wa mwakani. Mistari ni midogo na macho yake yana utando. Akabadilisha namba mbili kwenye mstari wa juu badala ya wa chini.

"Siku ya tatu nikarudia kusoma," akasema. "Nikaona. Nikarudisha kila kitu kama Suyog alivyokiacha, na tangu hapo sijagusa tena, naogopa. Lakini nikajua wako waliokwisha kuchukua. Nikawaandikia."

Nirmaya akavuta kiti karibu. "Uliwaandikia akina nani?"

Mzee akafungua sanduku la barua la mwanawe. Alikuwa ameandika barua kumi na saba, kila anwani aliyoiona Suyog akiandikiana nayo kuhusu Patromala. Zote zilisema lile lile: nimekosea mwezi wa Phalgun wa mwaka huu, tafadhali badilisheni upesi, wasije watu wakapotezewa siku. Chini zilitiwa jina la Suyog.

"Kwa nini hukuandika jina lako, baba?"

"Mimi wananijulia wapi? Mzee wa patro. Nikaona wakiona jina la Suyog watasikiliza."

Majibu yalikuwepo, na mzee alikuwa ameyasoma mara nyingi. Aliyajua kwa moyo. Mtu wa Pokhara alikuwa ameandika asante, Suyog, tumebadilisha. Wa Biratnagar aliuliza habari za siku nyingi. Mwingine alimtania kwamba safari hii wewe pia umekosea, kumbe ni binadamu. Watu kumi na sita walikuwa wamemshukuru marehemu na kumtakia afya njema. Nirmaya aliyasoma yote mpaka la mwisho, la tarehe ishirini na nane Poush, kutoka kwa Abhyudaya Rajbhandari. Lilikuwa na mistari miwili. Yeyote uliye, acha kumchezea maiti. Barua nyingine ikitoka anwani hii sitaifungua.

Mzee alikuwa anamtazama usoni. Aliuliza kama kuna mtu aliyepotezewa siku.

Nirmaya alikuwa amezoea kuuliza, si kuulizwa. Akamwambia. Alitaja jina la Dilmaya Tamang, kijiji chake, na benchi. Hakuongeza wala hakupunguza. Mzee alivua miwani, akaishika muda mrefu. Hakulia. Aliuliza tu marehemu aliacha watoto wangapi, na alipoambiwa ni mmoja, wa kike, akarudia neno hilo, mmoja, kana kwamba analiingiza kwenye hesabu isiyokubali.

Rajbhandari alihojiwa asubuhi iliyofuata. Alikana barua mpaka Nirmaya alipoisukuma mezani nakala ya jibu lake. Ndipo alipoyasema yote kwa sauti kavu. Barua ilipoingia, jina la Suyog lilimulika kwenye simu yake akiwa mezani na familia. Alidhani ni mzaha wa kishetani. Hakuifikisha kwa mtu. Dilmaya alipokufa na magazeti kuandika habari za tarehe, aliitafuta barua ile, akaisoma mara ya pili, akaelewa. Akaifuta. Kisha akaandika ile barua ya kumsimamisha Pratikshya kazi.

"Ungesema siku ile ile," Nirmaya akamwambia, "ungekuwa mtu aliyeogopa. Sasa wewe ni mtu aliyeficha."

Alimfungulia shtaka la kuharibu ushahidi. Kuhusu mzee aliandika maelezo kamili bila kupendekeza lolote, akamwachia mwendesha mashtaka. Lakini sheria ilimtaka aikamate kompyuta, na hapo palikuwa na tatizo. Zilibaki siku sita kuingia Baisakh, mwezi wa kwanza. Programu zaidi ya mia tatu zingeamka mwaka mpya na jedwali lililoishia mwaka wa jana. Alimpigia simu mkuu wake, akaomba saa moja kabla ya kuizima. Mkuu akasema saa moja ni saa moja.

Alikwenda Kirtipur na Pratikshya. Mzee alikaa kitandani na patro yake mapajani, akawa anasoma. Pratikshya akawa anaandika kwenye mstari wa chini, akirudia kila namba kwa sauti. Nirmaya alisimama nyuma yao na daftari, akijumlisha. Baisakh, Jestha, Asar. Walipofika Magh mzee alikatiza kusoma, akataka isomwe mara tatu, na mara tatu ikasomwa. Jumla ikatoka mia tatu sitini na tano. Walianza tena kutoka mwanzo, wakapata ile ile.

Kabla ya kulitoa toleo, Pratikshya aliuliza maelezo yake yaandikweje. Mzee alikuwa ameyaandaa kwenye kipande cha karatasi. Msichana akayaandika kama yalivyo:

Suyog Joshi alifariki mwezi wa Shrawan. Matoleo yaliyotoka baada ya hapo ni ya mkono wangu, na kosa la 2.4.1 ni langu. Kwa kosa hilo alikufa Dilmaya Tamang. Kuanzia leo kifurushi hiki kitatunzwa na Pratikshya Rai. Mimi Asta Man Joshi, baba yake.

Pratikshya akafuata hatua za daftari, ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Maneno yakapita kwenye kioo, yakaisha.

Nirmaya akatoa mfuko wa ushahidi. Alieleza kwamba mashine lazima izimwe. Mzee akaomba aizime mwenyewe. Tangu Shrawan haijawahi kuzimwa, akasema, hata umeme ulipokatika aliiwekea betri. Alibonyeza, akashikilia kidole mpaka taa ikafa. Feni iliyokuwa ikivuma ndani yake ilipunguza mwendo, ikasimama, na nyumba nzima ikawa kimya kiasi cha kusikia mafuta yakichemka chini jikoni.

Ngazi ikalia kidogo. Sauti ya mwanamke mzee ikapanda kutoka gizani, sauti ya mtu ambaye kwa miaka amejua maana ya feni ile kunyamaza.

"Suyog? Umemaliza, mwanangu? Shuka ule."

Pratikshya akaziba mdomo kwa mkono. Nirmaya alimtazama mzee, na mzee akautazama mlango.

"Amemaliza, mama Suyog," akajibu. "Nashuka mimi."